Kabla Hujanyanyua Ndinga: Somo la Barabara ya Ushongo

Peruzi simu yako dakika tano tu, lazima ukutane na picha ile. Ndinga imenyanyuliwa mpaka mlango uko usawa wa kifua, tairi pana kama ngoma zimetokeza nje ya madigadi, mwenye nayo kaegemea boneti na miwani meusi. Chini watu wanamwaga vimoto. Poa, gari linapendeza, hilo halina ubishi. Ila kuna swali huwa haliulizwi pale: limenyanyuliwa liende wapi?

Mkoani Tanga kuna barabara imekuwa ikiuliza swali hilo kwa zaidi ya miaka 100. Inaanzia Bweni, ng'ambo ya Mto Pangani, inashuka kusini kupitia Mwera. Njia moja inachepuka kwenda baharini Ushongo, nyingine inaendelea Mkwaja mpaka Saadani. Mgeni anaijua Ushongo kwa minazi, mchanga na boti za kwenda kisiwa cha Maziwe. Mtu anayepeleka samaki mjini, au anayemkimbiza mama mjamzito hospitali mwezi wa nne masika yakiwa yamekolea, anaijua kwa kitu kingine. Anaijua kwa tope.

Na hao ndio wenye stori hii. Majina yao hayapo popote. Wapagazi, madereva, mautingo, mafundi springi. Wao walijua mambo ya kuinua gari na kuchagua tairi kabla hayajawa fasheni, kwa sababu wakikosea walilala porini.

Springi ya kwanza ilikuwa bega

Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Ikapandwa Kikogwe, jirani na Pangani, upande huohuo wa kusini mwa mto. Kutoka kwenye hiyo 62 likazaliwa zao lililoibeba Tanga kwa miongo mingi. Jina la Hindorf lipo vitabuni. Waliobeba mizigo ya mashamba hayo kwa kichwa na bega, hakuna anayewataja.

Gari lilipokuja, liliwakuta hao hao. Agosti 1907 ofisa wa Kijerumani, Paul Graetz, aliondoka Dar es Salaam na gari akilenga kuvuka Afrika mpaka pwani ya Atlantiki. Alifika Swakopmund, Namibia ya leo, Mei 1909. Gari lake lilitengenezwa maalumu, limeinuliwa juu ya ardhi kuliko magari ya kawaida ya wakati ule. Yaani hata yule wa kwanza kabisa alijua habari ya kunyanyua. Lakini kimo hakikumtosha. Kuna sehemu kibao gari lilivutwa, likasukumwa na kutolewa mashimoni na watu ambao hawakuwahi kupata sifa ya kuvuka bara.

Halafu ikaja Vita ya Kwanza ya Dunia. Waingereza waliichukua Pangani Julai 1916. Mvua ikageuza njia kuwa uji, mbung'o wakaua farasi na maksai, malori mazito yakazama. Gari lililojitahidi lilikuwa Ford ndogo, Model T. Tairi zake za nyuma zilikuwa na kimo cha inchi 30 na upana wa inchi 3 na nusu. Hapo soma tena taratibu: ndefu, lakini nyembamba. Gari jepesi, tumbo liko juu, tairi inakata tope la juu kutafuta ardhi ngumu iliyo chini yake.

Hata hivyo mzigo mkubwa wa vita ile ulibebwa na binadamu. Ukishuka Kariakoo kununua viatu, kumbuka jina hilo limetokana na kikosi cha wapagazi hao, Carrier Corps. Wengi hawakurudi makwao.

Land Rover, na namba ambayo kila fundi anaijua

Aprili 1948 Land Rover ilioneshwa kwa mara ya kwanza kwenye maonesho ya magari Amsterdam. Zile za mwanzo, fupi, zilivaa tairi za 6.00-16. Baadaye zikaja ndefu, maarufu kama 109, na hizo zikavaa 7.50-16. Namba hiyo ishike, kwa sababu ndiyo roho ya stori yote.

7.50 ni upana wa tairi kwa inchi, 16 ni ukubwa wa rimu. Ikisimama ina kimo kinachokaribia inchi 32. Ni mtoto wa ukoo uleule wa tairi ya Ford: ndefu na nyembamba. Land Rover hiyo ilikuwa na ekseli nzima mbele na nyuma, juu yake springi za bapa, vile vyuma vinavyopangwa kimoja juu ya kingine kama chapati. Ikizidiwa na mzigo, fundi anaongeza bapa. Bapa likikatika, linatafutwa jingine kutoka gari lililokufa, linafungwa, safari inaendelea.

Kwa fundi wa pwani, kuongeza bapa hakukuwa urembo. Alikuwa akijibu swali la mzigo: gari hili linabeba nini, siku ngapi kwa wiki? Gari la magunia ya nazi lilifungwa springi ngumu. La abiria wachache lilifungwa laini. Ukifunga springi ya tani moja kwenye gari linalobeba mtu mmoja, linaruka kama mbuzi. Na tairi ikiwa hewani haivuti, haifungi breki, haikati kona.

Mwaka 1983 Land Rover ikaleta ile One Ten yenye koili, laini kuliko bapa. Novemba 1984 Toyota wakatoa Land Cruiser ya 70. Hii ndiyo mama wa zile ambazo Bongo tunaziita mkonga, kwa lile bomba la hewa linalopanda pembeni ya kioo kama mkonga wa tembo. Matoleo yake mengi ya kazi, yakiwemo ya kubeba wagonjwa, yalivaa namba ileile, 7.50-16. Kampuni mbili shindani, nchi mbili tofauti, zikakutana kwenye tairi moja. Halafu ni saizi inayofahamika mpaka kwenye malori madogo kama Canter, kwa hiyo ikipasuka mbali na mjini, una pa kuanzia.

Peugeot iliyowaumbua warefu

Kuna ushahidi mwingine, na huu wa Kitanzania kabisa. Mwaka 1953 lilianzishwa shindano la magari lililopita Kenya, Uganda na Tanganyika, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II. Ndilo lililokuja kuwa Safari Rally. Mwaka 1966 na 1967 liliondoka na dereva wa Tanzania, Bert Shankland, mara zote mbili akiwa na Peugeot 404.

404 siyo ndinga ya kutisha. Ni saluni, ile ya kwenda nayo harusini. Ila springi zake zilikuwa na mwendo mrefu. Gurudumu lilishuka shimoni na kupanda bila kuliacha gari likose mguso na ardhi. Kimo cha kupiga nacho picha hakikuwa sehemu ya ushindi ule.

Hesabu yenyewe sasa

Tukirudi kwenye ndinga ya leo, kuna ukweli mmoja unaowavunja moyo wengi. Kwenye gari lenye ekseli nzima, ukinyanyua springi kwa inchi 2, yaani sentimita 5, difu halipandi hata milimita moja. Kinachopanda ni bodi na chasisi. Difu, lile tonge la chuma linalogonga jiwe na kulima tope katikati ya njia, linabaki palepale. Kinachopandisha difu ni tairi peke yake, na linapanda kwa nusu ya kimo kilichoongezeka.

Chukua mfano. Magari mengi ya aina hii yanavaa 265/70R16. Kimo chake ni kama milimita 777. Ukiweka 285/75R16, kimo kinafika kama milimita 834. Umeongeza milimita 57, difu limepanda 28. Hiyo ni chini ya sentimita 3. Kwa hiyo sentimita 3, hizi ndizo gharama zake:

Spidomita inaanza kudanganya. Ikisoma 100, wewe uko kwenye 107. Tairi ni nzito zaidi, kwa hiyo breki zinafanya kazi zaidi na injini inakula zaidi. Tairi inaweza kugusa madigadi ukikata kona, na hapo ndipo unalazimika kunyanyua springi ili ipate nafasi. Ukinyanyua, mabomba ya breki yanavutika, propela inakaa pembe mbaya, usukani unaweza kuanza kuyumba. Na kitovu cha uzito kinapanda. Gari lililokuwa likikata kona vizuri sasa linainama. Na tairi ya akiba nayo lazima iwe saizi hiyohiyo.

Je, kunyanyua hakuna faida? Ipo. Springi za ubora zinalipa gurudumu mwendo mrefu zaidi. Bampa linapata nafasi kwenye mteremko mkali, mfano pale maji yakipwa mtoni na njia ya kupandia pantoni ikawa imesimama. Ila faida hiyo inaletwa na springi na shokapu zilizochaguliwa pamoja kwa uzito wa gari. Kipande cha chuma kinachopachikwa juu ya koili kwa bei ya kutupa kinaleta kimo, mwendo mrefu hakileti.

Silaha ya bure

Kuna jambo halihitaji hata duka. Miaka ya 1920 na 1930 Mwingereza Ralph Bagnold alizunguka jangwa la Misri na Libya na magari ya kawaida ya Ford. Yeye na wenzake waligundua kwamba kwenye mchanga laini unapunguza upepo wa tairi. Tairi inalala, eneo linalokanyaga linakuwa kubwa, gari linaelea juu badala ya kuchimba.

Ufukwe ni kitabu kilekile. Gari lenye upepo wa 35 litajizika mchangani hata likiwa na kimo cha ghorofa. Shusha mpaka 18, likatoka taratibu bila kusukumwa. Ukifika njia ngumu, jaza tena kabla ya kukimbia, maana tairi laini kwenye mwendo mkali inapata moto na inaweza kutoka kwenye rimu.

Kwa hiyo barabara moja, majibu mawili. Mchangani tairi inatakiwa ilale na kupanuka. Kwenye utelezi wenye ardhi ngumu chini yake, tairi nyembamba inakata na kupata mshiko. Kwenye udongo mweusi wa kuelekea Saadani masika yakipamba moto, jibu sahihi mara nyingine ni kusubiri jua. Madereva wa zamani walilijua hilo, na kusubiri hakukuwa aibu.

Daraja linakuja na mtihani mpya

Miaka hii ya 2020 kumekuwa na ujenzi wa Daraja la Pangani, mita 525, kwenye barabara ya lami ya kilomita 256 ya Tanga, Pangani, Saadani hadi Bagamoyo. Kwa mama mjamzito wa upande wa kusini, hiyo siyo stori ya urembo wa pwani. Ni kufika hospitali bila kusubiri pantoni. Hakuna mtu mwenye akili atakayelililia tope.

Ila lami inabadilisha jibu. Tairi yenye kashata kubwa za tope, ikiwa kwenye lami iliyolowa, inagusa barabara kwa sehemu ndogo na inachelewa kusimama. Gari lililonyanyuliwa, kitovu kiko juu, spidomita inadanganya, mbele bodaboda imechomoza kutoka kwenye minazi na mtoto nyuma. Ile ndinga iliyopendeza kwenye picha inatakiwa isimame sasa hivi. Hapo haulizwi mtu ana wafuasi wangapi.

Ndiyo maana mpangilio wa wale wasio na majina bado unafaa. Kwanza jua njia yako ya kila siku, siyo ile ya mara moja kwa mwaka. Pili chagua tairi kwa njia hiyo, na iwe inayopatikana. Tatu funga springi na shokapu kwa mzigo unaobeba kweli. Kimo kije mwisho, kiwe kile tu ambacho tairi na springi zimekilazimisha. Ukianza na kimo, umeanza na picha.

Barabara ya Ushongo ilijengwa na mabega ya wapagazi, ikatunzwa na mafundi wenye mikono ya grisi waliolala chini ya gari usiku na tochi mdomoni. Hakuna aliyewapiga picha. Lakini kila gari la wagonjwa lililopita masika na kufika Bweni likiwa na mtu hai ndani yake, hiyo ndiyo picha yao.

Haya mdau, ukipewa hela leo, unaanza na tairi au springi? Na njia yako ya kila siku ni ipi?