Jua Liunguzalo na Nuru Iponyayo

Huku Tunda jua la saa sita halimhurumii mtu. Mwenye ngozi nyeusi hutoka jasho, hunywa maji, kisha huendelea na jembe lake katika shamba la mpunga. Lakini tunao wenzetu ambao jua hilo hilo huwaunguza kweli kweli. Ni wale waliozaliwa na ualbino, ambao wengine, kwa ulimi mbaya, huwaita zeruzeru, au ndundu kama wasemavyo wenye Kilingala. Kwanza ngozi yao huwa nyekundu. Kisha huota magamba makavu masikioni, puani, mdomoni na nyuma ya shingo. Ukiyapapasa ni kama msasa. Mtu huyakwangua kwa ukucha, na kwa kuwa hayamwumi sana, huyasahau. Miaka hupita. Gamba hugeuka kidonda, na kidonda hukataa kupona. Mara nyingi kidonda hicho ndicho kansa.

Tusitafute mchawi hapo. Rangi nyeusi ya ngozi ni mwavuli ambao mtu huzaliwa nao: huzuia miali mikali ya jua isiyoonekana kwa macho. Asiye nao hupigwa moja kwa moja. Katika mwaka 1985 waganga wa Dar es Salaam, Luande na wenzake, walitangaza habari za watu 350 wenye ualbino waliowachunguza mjini humo. Waliona kwamba ngozi huanza kuharibika tangu utoto, na kwamba kansa iliyokwisha kukomaa huwapata vijana wa miaka ishirini na kitu, umri ambao wengine ndio kwanza wanaoa na kuolewa.

Basi ni ajabu kusikia kwamba nuru yenyewe imefanywa kuwa dawa ya ngozi iliyoharibiwa na jua. Habari hiyo ina zaidi ya miaka mia, na tutaieleza tangu mwanzo.

Alikuwako daktari mmoja, Niels Finsen, mzaliwa wa visiwa vya Faroe, aliyekuwa mgonjwa yeye mwenyewe kwa muda mrefu. Mwaka 1896 alifungua nyumba ya uganga wa nuru mjini Copenhagen, akawatibu kwa taa kali watu walioliwa nyuso na kifua kikuu cha ngozi. Mwaka 1903 alipewa tuzo ya Nobel, na mwaka uliofuata alikufa, umri wake miaka 43.

Siku zile zile, katika mji wa München kule Udachi, mwanafunzi Oscar Raab alikuwa akipima rangi iitwayo akridini, aone inavyoua vijidudu vya majini visivyoonekana ila kwa darubini. Siku moja vilikufa upesi, siku nyingine vilikawia sana, na dawa ilikuwa ile ile, kipimo kile kile. Akasumbuka. Mwisho akakumbuka kwamba siku moja kati ya hizo ilikuwa ya tufani na ngurumo, mbingu imetanda giza. Tofauti ilikuwa nuru tu! Rangi peke yake haikuua sana, wala nuru peke yake. Zilipokutana ndipo zilipoua. Raab alitangaza jambo hilo mwaka 1900. Mwalimu wake, von Tappeiner, akishirikiana na mganga Jesionek, walipaka rangi nyekundu ya eosini juu ya vivimbe vya ngozi, wakaviweka kwenye nuru. Hiyo ilikuwa mwaka 1903. Baadaye ikaonekana kwamba hata nuru na rangi hazifanyi kazi pasipo oksijeni, ile hewa tuivutayo.

Twamkumbuka pia Friedrich Meyer-Betz, ambaye mwaka 1912 alijidunga mwenyewe porfirini, kitu kilichotolewa katika wekundu wa damu, kisha akatoka juani. Uso na mikono vilimvimba vibaya, na kwa majuma mengi hakuweza kustahimili jua. Hatumsifu kwa busara, lakini baada yake hakuna aliyeuliza tena kama jambo lile ni kweli kwa mwanadamu.

Kazi ililala miaka mingi. Katika miaka ya 1970 Thomas Dougherty wa Buffalo, Marekani, aliiamsha tena. Lakini dawa yake ilidungwa mshipani, na mgonjwa alipaswa kujificha jua majuma kadhaa. Mwaka 1990 Kennedy na Pottier wa Kanada walipata njia nyepesi: dawa ya kupaka. Chembe za ngozi zilizoharibika huipokea na kuigeuza kuwa porfirini kwa wingi kuliko chembe nzima. Baada ya saa kadhaa hapo penye dawa humulikwa taa, nazo chembe mbovu hufa. Za jirani husalimika kwa sehemu kubwa. Marekani waliikubali dawa ya namna hiyo mwaka 1999.

Taa hiyo huuma kama moto, nayo ni ya ghali. Ndipo mwaka 2008 Wiegell na wenzake, huko huko Copenhagen kwa Finsen, walipoonyesha kwamba mgonjwa aliyepakwa dawa aweza kukaa nje mchana saa mbili na nusu, naye hupona sawa na wa taa, tena kwa maumivu machache. Kwanza hupakwa mafuta ya kuzuia miali mibaya. Jua limekuwa taa!

Msomaji wa Tunda atasema: basi jua tunalo bure. Ni kweli, lakini dawa si bure, tena nyingine hutaka kuwekwa penye baridi. Isitoshe, uganga huu ni wa magamba na wa kansa changa zilizo juu juu tu. Kansa iliyozama nyamani hutaka kisu cha mpasuaji, na wagonjwa wetu wengi hufika hospitali wakati huo, baada ya safari ndefu ya matope.

Kwa sababu hiyo sisi twaiona kazi ya Moshi, Tanzania, kuwa ya karibu zaidi nasi. Pale penye hospitali ya KCMC kilifunguliwa mwaka 1992 chuo cha magonjwa ya ngozi kinachofundisha waganga wa nchi nyingi za Afrika. Magamba huchomwa kwa naitrojeni iliyogeuzwa maji, yenye baridi kali mno, wala haitaki taa. Huko Moshi hutengenezwa pia mafuta ya Kilisun ya kukinga jua, na baadhi ya wanaoyatengeneza ni wenye ualbino wenyewe.

Na yule wa Ulaya aliyetibiwa kwa nuru, akirudi nyumbani huambiwa na daktari wake: siku moja au mbili hizi usitoke juani.