Sabuni, mpira wa ndani na njia ya Zambia

Kimya changu cha wiki mbili kisiwatie wasiwasi, nilikuwa nyumbani Mbeya. Nimerudi Mlimani juzi, hata begi sijalifungua vizuri, lakini hii stori nikiiacha ilale itanipotea. Kwa wale mnaosema historia ni kukariri miaka tu, leo nawaletea historia ya sabuni.

Ilianza hivi. Wakati wa kwenda, basi letu lilikuwa linapanda Kitonga, ule mlima wa kona kona kabla hujafika Iringa. Katikati ya mlima tukasikia "puu!", mvuke ukajaa mbele, dereva akakanyaga breki. Basi halijatulia sawasawa, utingo keshafungua mlango, karuka na gogo mkononi, kalisukumia nyuma ya tairi. Kumbe mpira wa kupeleka maji kwenye rejeta ulikuwa umepasuka. Jamaa hakuhangaika kumpigia mtu simu. Akatoa chini ya kiti kipande cha tyubu kuukuu, akakichana kwa kisu vipande virefu kama kamba, akaufunga ule mpira huku anavuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Halafu akapita ndani na ndoo: "Jamani wazee wangu, mama zangu, naomba maji ya kunywa." Nikatoa chupa yangu niliyoinunua Msamvu. Mama mmoja akatoa dumu zima. Wakasubiri injini ipoe, wakajaza maji, na baada ya kama saa moja hivi tukaondoka. Mshkaji niliyekaa naye alikuwa anarekodi kwa simu huku anacheka, "Bongo bwana, hao ndio mainjinia wetu!" Na mimi nikacheka.

Nilipofika nyumbani nikamsimulia babu, nikijua naye atacheka. Hakucheka. Aliniuliza swali moja tu: "Hilo gogo alilitia tairi la upande gani?"

Nikabaki namtolea macho. Sikuwa nimeangalia.

Babu alikuwa utingo wa malori ya Zambia kuanzia mwaka 1966. Hilo nilikuwa nalijua kama ninavyojua kwamba anapenda chai ya tangawizi, yaani nalijua lakini sijawahi kulifikiria. Mimi, mwanafunzi wa historia mwaka wa pili! Basi siku tatu zilizofuata nikakaa naye barazani na daftari.

Kwanza mambo ya darasani, ili twende pamoja. Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi ya Ian Smith ilijitangazia uhuru kule Rhodesia, Zimbabwe ya leo, bila ridhaa ya Uingereza na bila kuwauliza Waafrika ambao ndio walikuwa wengi. Jirani yao Zambia ilikuwa na mwaka mmoja tu wa uhuru, tangu Oktoba 1964. Na Zambia haina bahari. Reli yake ilikwenda kusini, ikipita humo humo Rhodesia. Shaba ilitokea huko, mafuta yaliingilia huko. Desemba 1965 Uingereza ikaiwekea Rhodesia vikwazo vya mafuta, Smith naye akaikatia Zambia. Nchi changa, migodi mikubwa ya shaba, halafu hakuna mafuta. Noma.

Zikaletwa ndege za kubeba mapipa ya mafuta, lakini ndege nayo inakunywa mafuta mengi ili kuyafikisha hayo mafuta. Njia ya kutegemea ikawa bandari ya Dar es Salaam, na kutoka hapo barabara: Morogoro, Iringa, Mbeya, Tunduma, kisha ndani ya Zambia mpaka Copperbelt. Karibu kilomita 2,000. Kwenda wanabeba mafuta, kurudi wanabeba shaba. Mwaka 1966 ikaundwa kampuni ya malori, Zambia Tanzania Road Services, serikali zote mbili zikiwa na hisa. Barabara yenyewe sehemu kubwa ilikuwa ya udongo. Kiangazi vumbi huoni lori la mbele yako, masika tope linameza tairi. Waliokuwa wakiipita wakaipa jina la Kiingereza, Hell Run. Mbio za jehanamu.

Kutoka hapo vitabu vyetu vinaruka. Utaambiwa bomba la mafuta la TAZAMA, kama kilomita 1,700 kutoka Dar mpaka Ndola, likakamilika 1968. Kisha lami. Kisha Wachina na TAZARA, ujenzi ukaanza 1970, reli ikakabidhiwa 1976. Yote kweli. Lakini ukisoma haraka haraka utadhani kati ya 1965 na 1968 mafuta yalijipeleka yenyewe.

Yalipelekwa na watu wawili wawili, dereva na utingo wake. Na lori likifa katikati ya pori, karakana yenyewe ndiyo hao wawili.

Babu akaanza kunihesabia kwa vidole. Mapipa ya petroli yalikuwa yanagongana njia nzima, yanatoboka. Dawa yake sabuni ya kipande. Unaikanda kwa mkono mpaka inalainika, unaishindilia kwenye ufa. Sabuni haiyeyuki kwenye petroli kama inavyoyeyuka kwenye maji, kwa hiyo inashika. Ndiyo maana, anasema, utingo mzuri alijulikana kwa kipande chake cha sabuni, na siyo kwamba alikuwa msafi! Rejeta ikitoboka, unavunja yai ndani, au unatia unga wa ugali kidogo. Yai linaiva kwa joto la maji na kuziba tundu. Ukizidisha linaziba na njia za maji, injini inachemka vibaya kuliko mwanzo. Pampu ya mafuta ikifa, utingo anapanda juu ya kebini na dumu, anateremsha mpira mpaka kwenye injini, mafuta yanashuka yenyewe kama maji ya mlimani. Hapo anakaa juu, jua kali, vumbi, kulikumbatia dumu mpaka wafike.

Iliyonifurahisha zaidi ni ya springi. Springi ikikatika, walikata gogo la mti mgumu, wakalibana kati ya ekseli na chesisi, wakalifunga kwa ngozi mbichi ya ng'ombe waliyoinunua kijijini. Kwa nini ngozi mbichi? Kwa sababu ikikauka inajikaza, inabana kuliko waya. Nani alimfundisha? "Wafugaji wanalijua hilo zamani," akanijibu, kana kwamba nimeuliza swali la kitoto.

Nikamuuliza na ile ya kujaza nyasi kwenye tairi. Hapo ndipo alipocheka. "Hayo ya magari madogo, mjukuu wangu. Lori lina tani za shaba, utalijaza nyasi?"

Sasa hapa nataka niwapeleke kando kidogo, kwenye mashindano ya magari, maana ni barabara za ukanda huu huu na miaka ile ile. Safari Rally ilianza 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye ikawa inafanyika Pasaka, yaani masika yakiwa yamechachamaa. Mwaka 1963 yaliondoka magari zaidi ya 80, yakafika 7. Mwaka 1968 yakaondoka zaidi ya 90, yakafika tena 7! Mara zote mbili aliyeshinda ni Nick Nowicki na mwenzake Paddy Cliff, kwa Peugeot 404.

Visa vyao ni vitamu kweli. Mwaka 1964 Msweden Erik Carlsson na mwenzake Gunnar Palm walinasa kwenye tope na Saab yao ndogo. Wakasukuma, wapi! Mwisho wakaipindua gari yenyewe, wakaibiringisha mpaka nje ya tope, wakapanda, wakaendelea na kumaliza wa pili. Watu hawakuamini, ikabidi aibiringishe tena mbele yao. Mwaka 1965 Joginder Singh wa Kenya na mdogo wake Jaswant walishinda kwa Volvo iliyokwisha kutumika, ambayo wengine wangeiona mtumba tu. Joginder alikuwa fundi magari kabla ya kuwa bingwa, akisikia gari linalia anajua linaumwa wapi. Mwaka 1966 na 1967 kombe likachukuliwa na Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, pamoja na Chris Rothwell.

Nawaheshimu wote hao. Lakini angalieni: hawa walikuwa na magari madogo, siku chache za mashindano, na wenzao wanawasubiri njiani na spea. Pasaka ya 1968, wakati dunia inahesabu magari 7 yaliyofika, malori ya mafuta nayo yalikuwa kwenye tope. Yale ya mashindano tunayajua mpaka mfano wa gari na jina la msoma ramani. Babu yangu kapita njia ya Zambia mara nyingi hata hazikumbuki idadi, na jina lake nimeliona kwenye kitambulisho cha kura tu.

Ile mada ya mwisho nilichelewa kuiuliza. Siku ya tatu nikamwambia, "Babu, uliniuliza habari ya gogo."

Akakaa kimya. Kisha akaanza na breki. Bomba la breki likipasuka kwenye gurudumu moja, walikuwa wanalikunja na kuligonga kwa nyundo mpaka linafunga, ili magurudumu mengine yapate breki. Lori linakwenda, ndiyo, lakini lina breki pungufu. Masika ya 1967, kwenye milima ya Iringa, lori la mbele yao lilikuwa limefungwa bomba namna hiyo tangu jana yake. Likashindwa kupanda, likazima. Utingo wake, rafiki yake babu, kijana wa rika lake, akaruka na gogo kama yule niliyemwona mimi. Chini ni tope. Gogo likateleza. Na yeye alikuwa amesimama nyuma ya tairi.

Babu hakuendelea. Akanieleza sheria tu, taratibu, kama anamfundisha mtu anayeanza kazi kesho. Gogo unalisukuma ukiwa ubavuni, kamwe husimami nyuma ya tairi. Na ukiwa mlimani unatia kwanza tairi la upande wa ukuta wa mlima, siyo la upande wa korongo. Kwa sababu lori likikushinda, lile tairi lililozuiwa linakuwa mhimili, mgongo wa lori unageukia ukutani badala ya kwenda korongoni. "Hilo tulijifunza siku ile," akasema.

Ndiyo maana siku hizi zile video za "injinia wa Bongo" zinanipa shida kidogo. Ni ujanja, tena ujanja wa hali ya juu, na naamini Zambia isingepumua miaka ile bila huo. Tukiandika habari za ukombozi wa kusini mwa Afrika, na kipande cha sabuni kiandikwe. Lakini yule kijana hakufa kwa kukosa akili, kafa kwa kukosa bomba la breki. Watu walifunga ngozi ya ng'ombe kwa sababu spea ziko mbali na mzigo hausubiri. Tukisifia ujanja bila kuuliza kwa nini spea haikuwepo, tunamwachia utingo alipe deni la watu wengine. Hata leo lori likiharibika utakuta matawi ya miti yamewekwa barabarani kama onyo. Uungwana mzuri. Halafu lori linaondoka, mawe yaliyozuia tairi yanabaki katikati ya lami, na gari la usiku linayavaa.

Wakati wa kurudi Dar nilikaa dirishani. Tuliposhuka Kitonga nikatafuta pale tulipokwama. Kona zote zinafanana, sikupajua. Nikakumbuka kwamba yule utingo aliyetufikisha salama sikumuuliza jina. Tulikuwa watu kama hamsini kwenye lile basi, na nadhani hakuna aliyemuuliza.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Likizo ijayo, kama una babu, mjomba au jirani aliyewahi kufanya kazi barabarani, kaa naye na daftari. Wengi wao sasa wamepita miaka 75. Uliza majina ya wenzake. La rafiki yake babu ninalo, nimeliandika ukurasa wa kwanza wa daftari, na siku nikiandika tasnifu yangu litakuwa humo. Hapa sijaliweka, mpaka nipate ruhusa ya ndugu zake.

Haya, kesho nina semina saa mbili asubuhi na sijasoma kitu. Tuonane kantini.