Shahada ya kwanza katika Chuo Kikuu Huria cha Tanzania

Shahada ya kwanza katika Chuo Kikuu Huria cha Tanzania (kifupi: OUT) ni shahada inayotolewa na chuo kikuu cha umma kinachofundisha kwa njia ya masafa. Makao makuu ya chuo yako Kinondoni, Dar es Salaam, lakini wanafunzi husoma wakiwa mahali wanapoishi na kuhudumiwa na vituo vya mikoa. Kituo cha Mkoa wa Kagera kiko mjini Bukoba. Masharti ya chini ya kujiunga ni yaleyale yaliyowekwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) kwa vyuo vikuu vyote nchini. Kwa hiyo neno "huria" linahusu mahali na mwendo wa kusoma. Halina maana ya kupokelewa bila sifa.

Historia

Mwaka 1988 serikali iliunda kamati chini ya Nicholas Kuhanga ili kuchunguza uwezekano wa kuanzisha chuo kikuu huria. Chuo kilianzishwa kwa Sheria ya Bunge namba 17 ya mwaka 1992, iliyoanza kutumika tarehe 1 Machi 1993. Kilizinduliwa tarehe 19 Januari 1994, na mkuu wa kwanza wa chuo alikuwa John Malecela. Makamu mkuu wa kwanza alikuwa Geoffrey Mmari, ambaye awali aliongoza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Programu

Masomo yamegawanywa katika vitivo vya sanaa na sayansi za jamii, elimu, sheria, usimamizi wa biashara, pamoja na sayansi, teknolojia na mazingira. Miongoni mwa shahada za kwanza zinazotolewa ni ualimu wa masomo ya sanaa na ya sayansi, elimu maalumu, sheria, usimamizi wa biashara, sosholojia, ustawi wa jamii, utalii, uandishi wa habari na teknolojia ya habari.

Kila programu inaweza kuongeza sharti lake juu ya masharti ya TCU. Kwa mfano, anayetaka shahada ya ualimu wa sayansi anapaswa kuwa amefaulu masomo anayokusudia kufundisha. Kwa sababu hiyo mwombaji husoma masharti ya programu yenyewe, si ya chuo peke yake.

Masharti ya kujiunga

Kwa mhitimu wa kidato cha sita, sharti la chini ni ufaulu wa masomo mawili makuu (kwa mazungumzo ya kila siku "prinsipo mbili") yenye jumla ya pointi zisizopungua 4.0. Hesabu hufanywa hivi: A = 5, B = 4, C = 3, D = 2, E = 1 na S = 0.5. Alama S haihesabiwi kuwa prinsipo. Mifano:

- D na D: pointi 4. Anastahili.
- C na E: pointi 4. Anastahili.
- B na S: pointi 4.5, lakini prinsipo ni moja tu. Hastahili.
- D, E na E: jumla ya masomo matatu ni 4, lakini yanayohesabiwa ni mawili tu, yenye pointi 3. Hastahili.

Waliohitimu kidato cha sita mwaka 2014 na 2015 hupimwa kwa kipimo cha miaka hiyo: A = 5, B+ = 4, B = 3, C = 2 na D = 1. Hivyo D mbili za mwaka 2015 ni pointi 2 tu, wakati D mbili za mwaka 2016 na kuendelea ni pointi 4.

Kwa mwenye stashahada, TCU hutaka kwa kawaida ufaulu wa angalau masomo manne ya kidato cha nne, pamoja na wastani wa alama (GPA) usiopungua 3.0 katika stashahada ya kawaida. Kwa stashahada ya ualimu kinachotakiwa ni wastani wa B.

Njia ya tatu ni programu ya msingi ya OUT, maarufu kama "foundesheni". Mwanafunzi hutakiwa kupata GPA ya 3.0 katika masomo sita ya msingi, na angalau C katika masomo matatu ya fani yake. Hata hivyo foundesheni peke yake haitoshi. TCU hutaka mwombaji awe pia na sifa nyingine, kama vile pointi 1.5 kutoka masomo mawili ya kidato cha sita (yaani E moja na S moja), au stashahada yenye GPA isiyopungua 2.0. Mwenye cheti cha kidato cha nne pekee akimaliza foundesheni bado hafikii shahada. Anapaswa kwanza kupitia astashahada na stashahada, au kidato cha sita. Jambo hili ni la muhimu kulijua kabla ya kulipa ada.

Kuna pia utambuzi wa maarifa yaliyopatikana kazini, ambapo mwombaji hufanya mtihani unaoratibiwa na TCU.

Kusoma na kuhitimu

Shahada ya miaka mitatu ina krediti zisizopungua 360. Krediti moja ni sawa na saa 10 za kazi ya mwanafunzi, zikiwemo za kujisomea. Mwanafunzi wa OUT hutumia maandishi ya kozi, mfumo wa Moodle kwenye intaneti na vipindi vya ana kwa ana. Hupimwa kwa majaribio na mitihani inayofanyika vituoni chini ya usimamizi.

Alama hupangwa hivi: A ni 70 na zaidi, B+ ni 60–69, B ni 50–59 na C ni 40–49. Chini ya 40 ni kushindwa. GPA huzingatia uzito wa kila somo. Mwanafunzi mwenye A (5) katika somo la krediti 20 na C (2) katika somo la krediti 10 ana pointi 120 kwa krediti 30, yaani GPA ya 4.0, wala si 3.5.

Madaraja ya shahada ni haya:

- Daraja la kwanza: 4.4–5.0
- Daraja la pili la juu: 3.5–4.3
- Daraja la pili la chini: 2.7–3.4
- Ufaulu wa kawaida: 2.0–2.6

Mpaka wa 2.7 una uzito wake, kwa kuwa aliye chini yake hapokelewi moja kwa moja katika shahada ya uzamili. Mara nyingi hupitia kwanza stashahada ya uzamili.

Umuhimu kwa Mkoa wa Kagera

Bukoba iko umbali wa zaidi ya kilomita 1,400 kwa barabara kutoka Dar es Salaam, na Wilaya ya Muleba ina visiwa ndani ya Ziwa Viktoria, kikiwemo Bumbire. Mkoa una shule za kidato cha sita kama Ihungo na Rugambwa, na Muleba ina Chuo cha Ualimu Katoke, lakini kwa muda mrefu kijana aliyetaka shahada ya chuo kikuu cha umma alilazimika kuhama mkoa. Kwa mwalimu au mtumishi mwenye kazi na familia, kituo cha Bukoba kilimwezesha kusoma bila kuacha kazi.

Chini ya Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi (HEET), ulioanza mwaka 2021 kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 kwa nchi nzima, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipangiwa kujenga kampasi katika Wilaya ya Bukoba. Masharti ya chini ya TCU yaliyotajwa hapo juu, ya kidato cha sita na ya stashahada, yanahusu kampasi hiyo pia.