Unapanda boti ya Unguja au Pemba na watoto wadogo? Angalia haya kabla ya kukata tiketi

Likizo ya skuli ikikaribia, foleni za tiketi bandarini zinaanza kurefuka. Bibi yuko Unguja anasubiri wajukuu, au shangazi yuko Mkoani, na safari ni ya baharini.

Wengi wetu tunachagua boti kwa vitu viwili tu: nauli na saa ya kuondoka. Ukiwa peke yako inatosha. Ukiwa na mtoto wa miaka mitatu begani na mwengine wa sita anayetaka kukimbia kila kona, mambo yanabadilika. Cha kwanza kuuliza ni unasafiri mwezi gani. Cha pili, mtakaa sehemu gani ya boti. Cha tatu, je, lipo jaketi la kumtosha mtoto? Nauli ije baada ya hapo.

Likizo zetu na upepo wa kusi

Bahari ya Unguja ina misimu miwili mikubwa. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi. Kusi hushika kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba, na ukali wake hasa ni Juni, Julai na Agosti. Katikati kuna kipindi cha kubadilika pepo, ambacho wazee wa pwani wanakiita tanga mbili. Oktoba na Novemba bahari mara nyingi hulala, boti inateleza kama iko kwenye sakafu.

Sasa tazama kalenda ya skuli. Likizo ndefu ya katikati ya mwaka inaangukia Juni na Julai, yaani tunawapakia watoto wetu baharini wakati kusi liko kwenye nguvu zake. Hilo hatuwezi kulibadilisha, lakini ukilijua utapanga vizuri zaidi.

Dar iko kusini, Unguja iko kaskazini yake. Wakati wa kusi, ukienda Unguja mawimbi yanakuja kwa nyuma, boti inayumba lakini haigongi sana. Ukirudi Dar, chombo kinapigana nayo uso kwa uso, na hapo ndipo watoto wanatapika. Kaskazi kikivuma mambo ni kinyume. Kwa hiyo kama una uwezo wa kuchagua siku moja tu kwa makini, chagua ile ya kwenda dhidi ya upepo. Na chukua boti ya kwanza ya asubuhi, kwa sababu upepo kwa kawaida huongezeka jua linapopanda.

Siku mbili kabla, angalia taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA. Ukikuta tahadhari ya upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, hiyo siyo siku ya kusafiri na mtoto mchanga, hata kama boti zinaruhusiwa kutoka. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokaribia, safari za Dar na Zanzibar zilisitishwa na watu wakakaa wakisubiri. Usiweke ratiba ya kubana. Kama mtoto anafungua skuli Jumatatu, usirudi Jumapili jioni.

Daraja la juu siyo lazima liwe bora

Hapa wengi wanapotea. Kwenye boti nyingi za kasi, madaraja ya bei kubwa yako ghorofa ya juu. Viti ni laini, watu ni wachache, na baba anajisikia amewafanyia familia jambo la maana. Lakini kadiri unavyopanda juu ndivyo chombo kinavyoyumba zaidi. Mbele nako kunaruka.

Kwa mtoto anayelewa bahari, kiti kizuri ni cha chini, katikati ya boti au kidogo nyuma yake, karibu na dirisha ili aone upeo wa bahari. Pesa uliyookoa kwenye daraja, wanunulie maji na biskuti kavu.

Kwenye kumbi za ndani kiyoyozi huwa kikali. Chukua sweta na kanga mbili. Kanga moja ya kumfunika, ya pili ya kufutia, na utanishukuru. Nje kwenye deki hewa ni nzuri na kichefuchefu hupungua, ila mtoto mdogo asiachwe hata sekunde. Mshike mkono, usimtegemee kaka yake wa miaka minane.

Kuhusu kutapika: watoto wa miaka 2 hadi 12 ndio wanaosumbuliwa zaidi. Wachanga kabisa mara nyingi hulala tu. Mpe chakula chepesi saa moja au mbili kabla. Tumbo tupu linasumbua, na urojo wa kujaza nao unasumbua. Asiangalie katuni kwenye simu, kwa sababu macho yakibaki kwenye skrini huku mwili unayumba, kichwa kinazunguka haraka. Dawa inatakiwa imezwe kabla ya safari, kama nusu saa hadi saa moja, siyo baada ya kuanza kutapika. Muulize mfamasia kipimo kwa uzito wa mtoto, na ufahamu kwamba promethazine haipewi mtoto wa chini ya miaka 2. Mabaharia hupita na vifuko vya kutapikia, lakini bahari ikichafuka vinahitajika kila upande kwa wakati mmoja. Chukua kopo lako lenye mfuniko.

Jaketi la mtoto, siyo la mkubwa

Hili ndilo la kulisimamia bila aibu. Jaketi okozi la mtu mzima halimfai mtoto. Akiingia majini linapanda juu, yeye anateleza chini. La mtoto ni dogo, limeandikwa uzito au kimo, na mara nyingi lina mkanda wa kupita katikati ya miguu.

Mkataba wa kimataifa wa SOLAS, unaohusu meli za safari za nje, unataka jaketi za watoto zisipungue asilimia 10 ya abiria, au zaidi ya hapo ili kila mtoto apate lake. Fikiria boti ya siku ya tatu baada ya Idd. Asilimia 10 ya waliomo ni watoto? Ni zaidi, kwa kuangalia tu.

Basi ukishakaa, mwite baharia na umuulize: "Za watoto ziko wapi?" Akikuonyesha, mwambie mwanao nawe umemwonyesha. Angalia na mlango wa kutokea ulio karibu. Mzazi mmoja awe na mtoto mmoja wa kumshughulikia kwa jina. Wawili mna watoto watatu? Kubalianeni mapema nani anabeba wawili.

Kama utasafiri mara kwa mara, kununua jaketi dogo la mtoto wako ni matumizi ya akili kuliko begi jipya la magurudumu.

Andikisha kila jina

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba. Ilikuwa siku chache baada ya sikukuu ya Idd na meli ilijaa familia. Maiti zaidi ya 200 ziliopolewa. Hesabu za mwanzo zilisema waliomo walikuwa kama mia sita, baadaye tume ya uchunguzi ikaja na hesabu ya zaidi ya elfu mbili. Tofauti kubwa kiasi hicho inatokea pale watu wanapopakiwa bila kuandikwa.

Mwaka uliofuata, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ilitoka Dar mchana na kuzama karibu na Chumbe, ikiwa na watu karibu 290. Watoto 31 walihesabiwa humo. Ilikuwa Julai, kusi tupu. Boti yenyewe ilijengwa mwaka 1989 kwa ajili ya abiria wa jimbo la Washington, Marekani, kwenye maji yaliyojikinga na nchi kavu.

Boti za leo za Dar na Unguja ni kubwa zaidi na za kisasa zaidi, na ukaguzi umeongezwa. Sehemu yako mzazi ni ndogo lakini ipo. Hata kama mtoto mchanga halipiwi, jina lake liingie kwenye orodha ya abiria. Kila kampuni ina umri wake wa nauli ya mtoto, kwa hiyo beba cheti cha kuzaliwa au picha yake kwenye simu. Kata tiketi ofisini au mtandaoni kwa majina yenu halisi. Papasi akikuambia atawapitisha kwa tiketi ya mtu mwengine, mwache aende. Na ukifika ukaona watu wamekaa hadi kwenye ngazi na njia zimezibwa na mizigo, shuka. Nauli inatafutwa tena.

Pemba ni safari nyengine

Dar hadi Unguja ni kama saa mbili. Pemba ni mbali zaidi, na baada ya Nungwi chombo kinatoka kwenye kivuli cha kisiwa na kuingia mkondo wazi. Hapo hata watu wazima wananyamaza.

Meli kubwa za usiku zina faida yake: zinatulia kuliko boti ndogo, na watoto wanalala. MV Mapinduzi II, iliyoletwa na Serikali ya Zanzibar kutoka Korea Kusini Desemba 2015, ilijengwa kubeba abiria 1,200. Lakini usiku una gharama yake pia. Likitokea tatizo, kumtafuta mtoto gizani siyo sawa na kumtafuta mchana. Kwa maoni yangu, ukiwa na watoto chini ya miaka mitano, nenda Pemba mchana, kwa boti ya kasi, nje ya Juni hadi Agosti. Ikibidi uende katikati ya kusi na mfuko unaruhusu, ndege ndogo hadi Chake Chake ni kama nusu saa tu.

Vyombo vya bandari bubu, majahazi ya mizigo yanayochukua abiria kimyakimya, hayo usiyafikirie na mtoto hata kwa bei ya bure.

Anza na Changuu

Kama mtoto hajawahi kupanda chombo, usimwanzishie kwa saa mbili za bahari kubwa. Kutoka ufukwe wa Mji Mkongwe hadi kisiwa cha Changuu ni kama nusu saa kwa mashua ya mashine, na kule kuna makobe wakubwa ambao asili yao ni Ushelisheli. Mtoto ataona kobe mzito kuliko baba yake, nawe utaona kama analewa bahari au la.

Chagua mashua yenye paa, kwa sababu jua la saa sita linampiga mtoto kuliko mawimbi. Jaketi zivaliwe tangu ufukweni, zisiwe zimekaliwa na abiria kama mito. Patana na nahodha bei ya kwenda na kurudi na saa ya kurudi, ulipe yote mkisharudi. Maji yakitoka, mashua husimama mbali kidogo na ufukwe, kwa hiyo utambeba mtoto ukiwa umeloa hadi magotini. Vaa kandambili, na simu iweke juu.