Mwito wa Mbali

Mtu apelekaye barua asipate jibu huwa katika shaka: pengine barua yake ilipotea njiani, pengine ilifika, ila jibu ndilo lililopotea. Shaka hiyo, waliyoijua sana matarishi wa kale, ndiyo iliyowakabili watu waliozifundisha tarakilishi kuombana kazi.

Tarehe 29 Oktoba 1969 tarakilishi moja mjini Los Angeles ilipelekea nyingine, huko Menlo Park, neno LOGIN kwa njia ya mtandao wa ARPANET. Zilifika herufi mbili tu, mtambo ukakwama. Hata hivyo njia ilikuwa imefunguka, na kila huduma ikabuniwa lugha yake ya amri. Mwaka 1976 James White wa taasisi ya SRI alitoa shauri jingine. Programu yo yote ni mkusanyiko wa kazi ndogo ndogo zenye majina, nayo huita kazi kwa jina lake na kungoja jawabu. Kwa nini basi isiite vivyo hivyo kazi iliyo katika mashine ya mbali?

Bruce Nelson aliichunguza fikira hiyo katika tasnifu yake ya mwaka 1981; kisha yeye na Andrew Birrell wakaitekeleza katika maabara ya Xerox huko Palo Alto, na kueleza habari zake mwaka 1984. Programu inayoita huwekewa wakala kando yake. Wakala hufunga jina la kazi na vitu vinavyohitajiwa katika ujumbe mmoja, akaupeleka. Upande wa pili wakala mwenziwe huufungua, huiita kazi, na kurudisha jawabu.

Wakati huo huo Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilitoa mwaka 1983 mfumo wa 4.2BSD wenye soketi, yaani mlango wa kupitishia ujumbe. Mwanafunzi akitaka leo kumwandika wakala wa namna hiyo, hufungua soketi, huunganisha, hupeleka, kisha husoma. Lakini na ajihadhari! Njia ya TCP hutiririsha baiti kama maji, haionyeshi ujumbe waishia wapi. Basi urefu wake utangulie. Tena mashine hazipangi baiti kwa namna moja: namba 1 iliyoandikwa kwa baiti nne, ikisomwa kinyume, hugeuka kuwa 16,777,216.

Hayo ni madogo. Tuseme mwito ni wa kutoa shilingi 500 katika akiba ya mtu, na jibu halikurudi. Ukiitwa tena, je, hatatozwa 1,000? Birrell na Nelson waliupa kila mwito nambari. Mashine ikiona nambari iliyokwisha kuitumikia, hairudii kazi; na jibu likifika, mwitaji ana hakika kuwa kazi ilitendeka mara moja tu. Walakini mashine ya mbali ikianguka, mwitaji huarifiwa hitilafu basi. Huenda kazi ilitendeka mara moja, huenda haikutendeka kabisa, wala haambiwi ni lipi. Nao, kwa uungwana wa wataalamu, waliliandika jambo hilo waziwazi.