Mtunzi

Mwuza maua wa Mombasa anayatunga asumini kwa uzi, moja baada ya jingine. Mvuvi naye hutunga samaki kwenye ukuti. Kitenzi ni kile kile tunachompa mtu wa nyimbo, naye tukamwita mtunzi. Nalipenda sana neno hili, maana limebeba sindano na uzi ndani yake.

Lakini katika tamthilia ya muziki linatuelemea. West Side Story ilipopanda jukwaani New York mwaka 1957, muziki ulikuwa wa Leonard Bernstein, maneno ya nyimbo ya Stephen Sondheim, na mchezo wenyewe wa Arthur Laurents. Kwa Kiswahili wote watatu ni watunzi! Sondheim alikuwa na miaka 27, na alichokitamani hasa ni kutunga muziki. Alisubiri hadi 1962 ndipo Broadway ikasikia kazi ambayo maneno na sauti vyote vilikuwa vyake.

Watu wa taarabu wanaujua mgawanyo huu tangu zamani: mmoja huleta shairi, mwingine hulitia sauti. Magazeti yetu, hata hivyo, huandika "mtunzi" na kuishia hapo, na mara nyingi anayepotea ni yule wa shairi.

Basi tuseme mtunzi wa muziki, mtunzi wa mashairi, mtunzi wa mchezo. Ni neno moja au mawili zaidi, na nafasi gazetini ipo.