Amani ya Mji na Amani ya Vijiji

Nabii Yeremia aliwahimiza wale waliohamishwa Babeli wauombee heri mji ule wa kigeni, kwa kuwa hawangekuwa na heri yao wenyewe pembeni mwa majirani zao. Sisi walei wa Bunia tunalitafakari agizo hilo tukiwa na historia ya zaidi ya miaka 25 ya vita, mapatano na vita tena. Katika muda huo serikali ya nchi yetu, pamoja na Umoja wa Mataifa, imejaribu njia nyingi za kuyatuliza makundi yenye silaha. Tukizitazama njia hizo moja baada ya nyingine, twaona kwamba mara nyingi mji ulilindwa kwanza na vijiji vikaambiwa vingoje. Hatari iliyoachwa vijijini haikukaa huko.

Wala chanzo chenyewe hakikuwa mjini. Mwezi wa Juni 1999 mapigano kati ya Wahema na Walendu yalizuka katika eneo la Djugu, kwa ugomvi wa mashamba makubwa yaliyorithiwa kutoka enzi ya ukoloni. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 ilimwezesha mtu kununua ardhi asiyoikalia. Asipotokea mpinzani kwa muda wa miaka 2, aliweza kuwaondoa waliokuwamo. Mkulima asiyesoma Kifaransa angeipingaje hati ambayo hakuonyeshwa kamwe? Jeshi la Uganda lilikuwa limeikalia Ituri wakati huo, na badala ya kuwa mwamuzi, baadhi ya maofisa wake walijiingiza katika ugomvi. Kufikia katikati ya mwaka 2003, waliokufa walikadiriwa kuwa 50,000.

Mwezi wa Aprili 2003 ilikutana Bunia Tume ya Kuituliza Ituri, iliyotokana na mapatano ya Luanda ya mwaka 2002 kati ya Kongo na Uganda. Wajumbe wa jamii mbalimbali walikaa pamoja, wakaunda baraza la muda lililoongozwa na mama Petronille Vaweka. Hilo lilikuwa jambo kubwa, nasi hatuna budi kulikumbuka. Lakini baraza lile lilikuwa na neno bila ulinzi. Waganda walipoondoka mapema Mei, walibaki askari wa Umoja wa Mataifa kutoka Uruguay wapatao 700, ambao hawakuwa na uwezo wa kuuzuia mji usiangukie mikononi mwa wanamgambo. Mamia ya watu waliuawa. Katika parokia ya Nyakasanza damu ilimwagika ndani ya nyumba ya Mungu, na mapadri wawili walikuwa miongoni mwa waliouawa. Maelfu walikimbilia kando ya kiwanja cha ndege na makao ya Umoja wa Mataifa.

Ndipo, kwa azimio namba 1484 la tarehe 30 Mei 2003, Baraza la Usalama likaruhusu kikosi cha Ulaya kilichoongozwa na Ufaransa, kwa jina la Artemis. Askari hao waliurudishia mji utulivu kwa majuma machache. Soko likafunguliwa na waliokimbia wakaanza kurejea. Tunawashukuru. Hata hivyo idhini yao iliishia Bunia na kambi zake, na ilikuwa ya kudumu hadi tarehe 1 Septemba tu. Agizo walilolitoa lilikataza silaha zinazoonekana. Silaha zikafichwa, na nyingine zikavuka mpaka wa mji. Nje ya mpaka huo watu waliendelea kuuawa.

Kosa hilo lilitambuliwa. Brigedi ya Ituri ya Umoja wa Mataifa, yenye askari karibu 5,000, ilipewa mamlaka yenye nguvu zaidi na kuanza kujitandaza nje ya Bunia. Kuanzia Septemba 2004 hadi katikati ya 2005, wapiganaji zaidi ya 15,000 walijiandikisha kuweka silaha chini, ingawa bunduki zilizokabidhiwa zilikuwa chache kuliko watu. Mahakama ya Kimataifa ya The Hague nayo ilimhukumu Thomas Lubanga mwaka 2012 kwa kuwatumia watoto vitani, na Germain Katanga mwaka 2014 kwa shambulio la Bogoro. Haki hiyo ilikuwa ya lazima. Lakini hukumu ya The Hague haikuweza kumwonyesha mjane wa Djugu mpaka wa shamba lake, wala kumpatia kijana aliyerudisha bunduki jembe na mahali pa kulimia.

Mwishoni mwa mwaka 2017 Djugu iliwaka tena. Watu walivuka Ziwa Albert kwa mitumbwi kwenda Uganda, na kundi la CODECO, ambalo jina lake lilitokana na ushirika wa wakulima wa miaka ya 1970, likawa jeshi la msituni. Tarehe 4 Septemba 2020 wapiganaji wake waliingia Bunia mchana, wakiwa na silaha, wakafika hadi kwenye gereza kuu. Baada ya mazungumzo na viongozi waliondoka. Siku ile kila mkaaji wa mji alifahamu kwamba umbali wa kijiji si kinga.

Tangu Mei 2021 mkoa wetu umewekwa chini ya utawala wa dharura. Gavana ni mwanajeshi, Luteni Jenerali Johnny Luboya Nkashama, na kesi za jinai zilihamishiwa mahakama za kijeshi. Mwaka huohuo serikali iliunda mpango mpya wa kuwapokonya wapiganaji silaha na kuwarudisha katika jamii, na mwaka 2023 makundi kadhaa yalitia sahihi ahadi za amani huko Aru. Barabara nyingine zilifunguka. Lakini Februari 2022 wakimbizi wapatao 60 waliuawa katika kambi ya Savo, na usiku wa kuamkia tarehe 27 Julai 2025 waamini zaidi ya 40 waliuawa na ADF huko Komanda, wengi wao wakiwa katika mkesha wa sala parokiani.

Hatusemi kwamba askari hahitajiki. Mama anayekwenda shambani anamhitaji, na serikali isiyomlinda imeacha wajibu wake wa kwanza. Tunasema kwamba askari hukilinda kijiji kwa usiku ule, na kazi inayobaki asubuhi ni ya watu wanaoishi pamoja. Yule mchungaji wa Injili hakuridhika na kondoo 99 waliokuwa salama. Alimwendea yule aliyekuwa nje.

Kwa walei, kutoka huko nje kuna kazi zinazojulikana. Wanasheria na walimu miongoni mwetu wanaweza kumsaidia mkulima kusoma hati ya ardhi yake kabla muda wa kupinga haujapita. Jumuiya zetu ndogo zitaombwa kumpokea kijana aliyetoka msituni, na katika benchi lilelile ameketi mama aliyefiwa. Tusimharakishe mama huyo kusamehe, wala tusimfungie kijana huyo mlango. Tuwasikilize wote wawili, mama kwanza. Na tunapouombea mji wetu kila Dominika, tuvitaje kwa majina Djugu, Bogoro, Savo na Komanda, ili tusije tukaomba tena amani inayoishia kwenye mpaka wa mji.